Matundu Sitini na Matatu

Jumatatu saa 1:40 asubuhi, boti la Ursula Masatu lilikuwa limelalia upande wa kushoto kwa sentimita kumi na nne. Saa 1:43 Gody alikuwa ameshaliona.

Boti hilo lilikuwa jukwaa la aluminiamu lenye viti na paa la turubai, lililobebwa na mitungi miwili mirefu iliyozibwa pande zote. Mitungi ikijaa hewa, boti linaelea. Mtungi mmoja ukiingiwa na maji, linaegemea. Ursula, mfanyabiashara wa samaki mwenye asili ya Murangi, alilikodisha kwa maharusi na wageni pale Musoma, na hakuwa na mradi mwingine uliomlipa vizuri kuliko huo.

Gody aliishi chumba cha kupanga mtaa wa Nyasho. Kadi yake ilisema ni injinia wa vyombo vya majini. Kadi ilichapishwa vizuri sana. Hilo ndilo jambo pekee la kweli linaloweza kusemwa kuihusu.

"Mama, shikamoo. Boti linakunywa hilo."

"Marahaba. Naona, mwanangu. Limeanza juzi."

"Likianza kunywa halijui kuacha. Lipandishe nchi kavu, nikupimie. Kupima ni bure."

Neno "bure" lilifanya kazi yake. Wapagazi wanane wakalivuta boti hadi mchangani, maji yaliyoingia yakamwagwa, na Gody akaja na kompresa ndogo iliyokuwa ikinguruma kuliko ilivyopuliza.

Njia ya kupima inajulikana na ni sahihi. Unajaza mtungi hewa kidogo, unapaka maji ya sabuni, na panapovuja panatoa povu. Gody aliifuata njia hiyo, akaiongezea mambo mawili. Kwanza aliifuta mitungi yote kwa kitambaa kilicholowa maji ya limau, akakiita dawa ya kusafishia. Pili, ndani ya sabuni alikuwa ameyeyusha magadi. Magadi yakikutana na limau huchemka. Mpishi yeyote wa maharage anajua magadi, lakini ni wachache wanaoyatarajia kwenye uinjinia.

Povu likaanza. Likatoka kwenye viungo, likatoka mahali pasipo na viungo, likaenea boti zima likifoka kama uji uliosahaulika jikoni. Gody alitembea na chaki akiweka alama na kuhesabu kwa sauti ya msiba.

"Sitini na moja. Sitini na mbili. Mama, kaa chini kwanza. Sitini na tatu."

"Matundu yote hayo, na juzi nilibeba harusi?"

"Mungu aliwapenda maharusi."

Ursula hakukaa chini. Alikuwa anaitazama ngazi ya kupandia, ambayo kitambaa na sabuni viliigusa kwa bahati mbaya. Ngazi nayo ilikuwa inatoa povu. Ilikuwa nondo ya aluminiamu isiyo na uwazi, na ndani ya nondo hakuna hewa ya kuvuja. Akaipangusa kwa kidole, akakinusa kidole.

"Sasa mwanangu, nifanyeje?"

"Hili si boti tena, mama, ni chakavu. Ila roho yangu ni mbaya kwa kuhurumia watu. Nitakupa milioni mbili."

"Chakavu linauzwaga kwa kilo," alisema Ursula kwa upole. "Tupime. Kilo shilingi ngapi?"

Gody alipiga hesabu. Boti lisilo na injini lilikuwa na kilo mia saba hivi. Kwa elfu tatu na mia tano kila kilo, ni milioni mbili na nusu kasoro. Na kule Mugeta, mfugaji aitwaye Mihayo alikuwa ameshakubali kununua boti hilo hilo kwa milioni tisa, baada ya Gody kumwapia kwamba halijawahi kuonja tone la maji. Akaandika hati kwa mkono wake: kila kilo itakayosomwa kwenye mizani ya pamba Bunda, shilingi 3,500, boti linauzwa kama lilivyo, injini inabaki kwa mama, makabidhiano Alhamisi. Neno "kama lilivyo" alilipigia mstari mara mbili, ili mama asije kubadili mawazo.

Gody alipoondoka, Ursula alimpigia simu Bhoke, fundi mwanamke wa mitumbwi.

"Injinia anasema ni chekeche."

"Chekeche halielei, mama. Tulinyweshe."

Mafundi wa mitumbwi hawana kompresa. Chombo kikivuja, hukipandisha nchi kavu, hukijaza maji kwa ndani, halafu huzunguka nje kuangalia panapotoka jasho. Huko ndiko kunywesha. Jumanne mchana walijaza maji kwa pampu, na Bhoke akazunguka akipapasa. Alipata tundu moja. Lilikuwa ufa wa sentimita mbili kwenye ulehemu wa mbele kushoto.

"Sitini na mbili yamekwenda wapi, mama?" aliuliza Bhoke huku akicheka peke yake.

Wakafungua vizibo vya mitungi, wakakausha, wakapiga msasa, wakaziba kwa gundi ya chuma ya kuchanganya. Gundi ilikaa hadi Jumatano alasiri. Kisha wakajaza tena kuhakikisha, safari hii lita 2,170. Hakuna tone lililotoka. Bhoke akainama kufungua vizibo.

"Acha," alisema Ursula.

"Niache maji ndani?"

"Mimi nauza kama lilivyo."

Alhamisi asubuhi Gody alikuja na Mihayo na lori lenye winchi, ambalo lilikuwa limepimwa Bunda likiwa tupu. Winchi ililia sana. Matairi yalikaa chini kidogo. Gody alikuwa mbele akimweleza Mihayo habari za watalii, kwa hiyo hakuona.

Alianza kuisikia sauti walipofika Kiabakari, wilaya ya Butiama, penye matuta. Kila tuta, nyuma ya lori kulitoka sauti nzito: chubwiii, chubwaaa.

"Kitu gani kinalia?" aliuliza Mihayo.

Ursula, aliyesafiri nao na kukaa dirishani, aligeuka naye kumtazama mtaalamu.

"Ni... upepo, mzee," alisema Gody. "Upepo wa ndani. Unatembeaga."

Kufika Bunda alikuwa ametambua kwamba ni maji. Karani wa mizani, dada aitwaye Lilian, alisoma bila hisia yoyote: "Toa uzito wa lori, mzigo kilo 2,870."

"Haiwezekani!" alipiga kelele Gody.

"Kwa nini haiwezekani?" aliuliza Mihayo.

Hapa hali ya Gody inastahili kuelezwa kwa usahihi. Akisema mna maji, Mihayo ataelewa kwamba boti linavuja, maana yameingiaje? Na Ursula ataelewa kwamba halivuji, maana yangebakije humo, kwenye matundu sitini na matatu? Ukweli ulikuwa mmoja, nao ungemfilisi kwa mikono miwili.

"Mna ma—" alianza.

"Mna ma nini?"

"Mna... mabati mazito, mzee. Aluminiamu ya zamani."

"Aa! Ndiyo maana." Mihayo alilipiga boti kofi la mapenzi, kama fahali. "Ng'ombe mzuri naye ni uzito."

"Milioni kumi na elfu arobaini na tano, mwanangu," alisema Ursula. "Hati ni mwandiko wako."

Mihayo akamkabidhi Gody milioni tisa. Gody akazipitisha kwa Ursula kama mtu anayepokezana sufuria ya moto. Milioni moja na elfu arobaini na tano zilizobaki alizitoa kwa wakala, akiba yake ya miezi saba, akaaga kwamba ana mgonjwa.

Alipotoweka, Ursula alimgeukia Mihayo. "Baba, usishtuke ukikuta maji humo. Fundi wangu alilinywesha kulipima. Yamekaa tangu jana, na barabara yote hii, hayajatoka. Boti lako ni zima."

"Maji ya ziwa? Mengi?"

"Pipa kumi na zaidi."

Mihayo alifikiri. Kiangazi kilikuwa kikali, na lambo la Mugeta lilikuwa limebaki tope. "Msiyamwage hapa," aliamuru.

Saa 11:05 jioni vizibo vilifunguliwa uani kwake, juu ya mahori. Ng'ombe thelathini na wanne walikunywa kwa zamu. Mihayo alipiga simu, na Gody akapokea.

"Injinia! Wanakunywa hao! Hukuniambia linakuja na maji yake. Mungu akubariki. Nikuulize, la pili utaleta lini?"

Simu ilikatika saa 11:26, upande wa Gody.