Goti Lenye Njaa

Jumatatu, 3 Machi

Mtahini anakuja Ijumaa. Mkufunzi wetu ametangaza leo asubuhi huku akifuta ubao, kama mtu anayesema huenda mvua ikanyesha. Hakugeuka kutuangalia. Nadhani alijua nyuso zetu zingemhuzunisha.

Somo moja, darasa langu mwenyewe, mtahini ameketi nyuma. Nikifaulu, napata cheti cha kufundisha Kiingereza kwa watu ambao hawakuzaliwa nacho, na shule ya lugha iliyo ng'ambo ya barabara ina nafasi moja ya mwalimu inayosubiri. Nikishindwa, Jumatatu ijayo naanza kazi kwenye duka la mapazia la shangazi. Ameshaninunulia kiti. Mama amekwenda kukiona. Anasema kina mto.

Kaka amesema mezani kwamba mapazia nayo yana mustakabali, maana watu hawataacha kuwa na madirisha. Mama akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi sikucheka. Nimesoma miaka yote hii nisimame mbele ya watu, si mbele ya madirisha.

Mwenzangu wa dawati, ambaye moyoni namwita Kinanda kwa sababu ya sauti yake, anasema yeye hana wasiwasi. Darasa lake linakosea kila kitu, kwa hiyo mtahini atakuwa na mengi ya kuona. Alisema hayo akitafuna ncha ya kalamu. Nikamdharau. Njiani kurudi nyumbani nikaacha kumdharau.

Nimewaza. Alama kubwa zinatoka kwenye kusahihisha. Mkufunzi amelisema hilo hadi midomo imemkauka: mtahini anataka kumwona mwanafunzi akiingia na kosa na kutoka bila kosa. Wanafunzi wangu ni watatu. Hukosea ovyo, bila mpangilio, au hunyamaza kabisa. Siwezi kuyaweka maisha yangu mikononi mwa makosa ya kubahatisha.

Nitayapanga.

Jumanne, 4 Machi

Tunasomea juu ya duka la vifaa vya umeme. Feni inayolalamika, viti vya plastiki, ubao uliopinda kona moja. Fundi anashona nguo za kike mtaa wa pili na anataka kuelewana na wateja wageni. Mlinzi anakaa lango la nyuma la benki na anataka kuhamishiwa la mbele. Bibi ana binti aliyeolewa mbali, na wajukuu wake hawajui neno la Kiswahili. Kila Jumapili hupiga simu ya video, wakatazamana, wakatabasamu, basi.

Somo la Ijumaa ni kumweleza daktari unapoumwa. Niliwaambia mpango kwa sauti ya chini ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Kila mmoja atakuwa na kosa lake. Fundi atasema kichwa kinamuuma tangu kesho. Mlinzi atasema ana matumbo matatu. Bibi atasema goti lake lina njaa. Mimi nitalisikia kosa, nitasimamisha somo kwa utulivu, nitasahihisha, na mkosaji atarudia sawasawa. Mtahini ataiona elimu ikitokea mbele ya macho yake.



Fundi akauliza kama amenielewa vizuri. Mgeni aje, mtu mzima na miwani yake, halafu yeye asimame aseme tangu kesho? Nikasema ndivyo. Akasema hajawahi kumkabidhi mteja gauni lenye mkono mmoja mrefu, na hana nia ya kuanza uzeeni. Mlinzi akashauri abadilishane naye, kwa kuwa matumbo matatu yangeaminika zaidi kwa Fundi. Fundi akamwambia, "Wewe ngoja uniletee suruali nipunguze." Bibi alitaka kujua jambo moja tu: mjukuu akisikia goti la bibi yake lina njaa, si atauliza linalishwa nini?

Nikawaambia ni kwa ajili yangu. Wakainamisha vichwa wote. Bibi akasema, "Kama ni kwa ajili yako, mwanangu, tutafanya."

Niliguswa. Kisha nikaanza mazoezi.

Jumatano, 5 Machi

Kikwazo ambacho sikukitarajia. Mtu hawezi kukosea kwa uhakika kama hajui lililo sahihi. Jana Bibi alichanganyikiwa akampa Mlinzi goti lake, na Mlinzi akajikuta ana njaa tangu kesho. Kosa likiwa na kosa juu yake halisahihishiki tena. Linazikwa tu.

Kwa hiyo leo nimewafundisha kwanza lililo sahihi. Kwa ukali. Kichwa, tumbo, goti, mgongo. Tangu lini, kwa nini, wapi hasa. Tulirudia mpaka muuza vifaa vya umeme akagonga dari yake kwa ufagio. Kisha nikawarudishia makosa yao, wakayasema kwa sauti ndogo, kama watu wanaotoa ushahidi dhidi ya ndugu.

Bibi alibaki nyuma kuniuliza namna ya kusema ngazi. Nikamwambia ngazi hazimo katika mpango. Akasema anajua, lakini goti lake huuma kwenye ngazi. Nikamfundisha ili aondoke.

Alhamisi, 6 Machi

Mlinzi ameripoti kwamba alifanya mazoezi usiku mzima langoni, mpaka mwenzake akamletea vidonge vya tumbo. Nikamuuliza alikuwa akifanya mazoezi ya lipi, la sahihi au la kosa. Akaangalia viatu vyake akasema yote, mwalimu. Nimeridhika.

Kinanda ameniomba aje kesho akae nyuma kimya, ajifunze kwangu. Nikamkatalia kwa adabu. Sijawahi kuona mtu mwenye nia njema akitabasamu kiasi kile.

Shangazi amepiga simu kuuliza urefu wa miguu yangu. Kiti kinapanda na kushuka, anataka kukiweka sawa mapema. Mama akamjibu kabla sijafungua mdomo.

Ijumaa, 7 Machi



Mtahini ni mwanamume mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko mwili wake. Aliketi nyuma, akaweka kalamu juu ya paja, asiiguse. Wanafunzi wangu walikuwa wamewahi. Mlinzi alivaa sare yake ya sherehe, mikunjo imenyooka kama mistari ya ramani. Fundi alivaa gauni ambalo sijawahi kuliona. Bibi alipaka mafuta hadi viganja.

Ningepaswa kushtuka hapo hapo. Watu hawavai hivyo ili waaibike.

Nikamwita Mlinzi kwa daktari. Daktari ni mimi. Akasimama, akapiga saluti, akasema kwa Kiingereza safi kwamba tumbo linamuuma kwa siku tatu sasa. Tumbo moja. Nikasubiri. Nikamwonyesha vidole vitatu nyuma ya karatasi yangu, kumkumbusha matumbo. Uso ukamng'aa. Akalisema mara tatu, kila mara bora zaidi.

Nikamwita Fundi. Nilikuwa nimeshaliandaa sahihisho lake kwa muda mrefu sana, likatoka lenyewe. Nikainua mkono kwa utulivu, nikamwambia si kesho, ni jana. Fundi akaniangalia. Akasahau Kiingereza chote akasema kwa Kiswahili, mbele ya mtahini, "Nimesema jana, mwalimu. Waulize hawa." Mlinzi akathibitisha. Bibi akathibitisha.

Mtahini akachukua kalamu.

Akabaki Bibi. Nilimtazama kwa macho yote niliyo nayo. Alisimama taratibu, akashika kiti, akasema goti lake linauma. Halafu hakuketi. Akaendelea. Linauma anapopanda ngazi, linauma zaidi asubuhi, la kushoto si la kulia, na daktari asimwandikie sindano kwa sababu anaziogopa. Sikujua anajua neno la sindano. Sikulifundisha mimi. Alipomaliza, Fundi alipiga makofi.

Hapakuwa na cha kusahihisha. Nilisimama mbele ya watu kama nilivyotaka maisha yangu yote, mikono mitupu.

Walipokuwa wakishuka, Bibi alinishika mkono. Akasema waliongea wote watatu jana mbele ya duka la Fundi, wakaona haiwezekani. Mgeni angesema mwalimu wao hajui kazi. Wasingeweza kuniaibisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshindwa.

Mtahini alinipokea ofisini kwa mkufunzi. Alisema darasa langu liko mbele mno ya somo nililolichagua. Akauliza ni nani aliwafundisha watu wale. Nikasema ni mimi. Akauliza kama ni hivyo, kwa nini niliwaletea jambo wanalolijua tayari, na kwa nini nilimsahihisha mama aliyesema sawa. Atarudi mwezi ujao kunipa nafasi ya pili, darasa lile lile. Alisema pia jambo jingine refu kuhusu kuwasikiliza wanafunzi, lakini nilikuwa nikifikiria la kwangu.

Kinanda amefaulu. Shule ya lugha imemchukua. Amekuja nyumbani kuniambia yeye mwenyewe, akaongeza kwamba mwaka ukiisha watahitaji mwalimu wa pili, na kwamba mtahini aliwasifu wanafunzi wangu mbele ya wote. Mama akamkaribisha ndani. Walicheka jikoni muda mrefu. Nilikaa chumbani nikitafakari tabia yake.

Kosa langu nimeligundua. Niliwafundisha lililo sahihi mapema mno, wakalizoea. Jioni nimewapitia mmoja mmoja. Nimewaomba wasiongee Kiingereza na mtu yeyote mpaka mtahini arudi, ili kipungue. Mlinzi akasema Jumatatu anahamishiwa lango la mbele, atawajibu wageni kwa ishara? Fundi akaniuliza kama nimekula. Bibi alisema tu atajitahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Kiti kina mto kweli.

Nimejifunza tofauti ya pazia zito na jepesi. Shangazi anasema nina mkono mzuri wa kukunja. Kaka alipita mchana kuona kama mustakabali umeanza.

Saa za jioni akaja Bibi. Alisema anatafuta pazia la chumba cha kulala, lakini hakuangalia pazia hata moja. Aliketi kwenye bunda la vitambaa akaniuliza habari za miguu, za mama, za kulala. Nilikuwa nikimpimia kitambaa asichokitaka simu yake ilipolia. Leo si Jumapili. Anasema siku hizi wanapiga siku yoyote.

Aliniangalia kama mtoto aliyeshikwa. Kisha akapokea.

Alikuwa mjukuu mdogo. Waliongea, waliongea, sijui kwa muda gani. Shangazi aliacha kuhesabu pete za mapazia akasikiliza. Ngazi, asubuhi, la kushoto. Mtoto aliuliza maswali, Bibi akayajibu yote. Nami nilisimama pale na tepu ya kupimia shingoni, moyo ukinizama, kwa sababu hapakuwa na kosa. Hata moja. Mwezi mmoja hauwezi kuharibu kazi kama ile.

Halafu, mwishoni kabisa, akamwambia mtoto kwamba goti lake lina njaa.

Mtoto alipasuka kwa kicheko. Bibi naye akacheka mpaka machozi, akifuta macho kwa ncha ya kitambaa changu. Mtoto akauliza linakula nini. Bibi akasema linakula ngazi. Wakacheka tena. Bibi alinikonyeza.

Sikucheka. Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Bado analo! Baada ya mazoezi yote, baada ya Ijumaa, kosa lake lipo pale pale, zima. Nimemsindikiza hadi mlangoni na sikumwambia neno.

Sitalisahihisha mpaka mtahini awepo.