Giaboksi ya Baba Mkwe

Jumapili, 5 Agosti

Gari la baba mkwe limegoma. Injini inanguruma vizuri, unasogeza mkono wa gia, unakanyaga mafuta, gari linakaa pale pale. Mbele haliendi. Nyuma haliendi. Linanguruma tu.

Si gari la kuchezea hili. Lina miaka arobaini na sita, rangi ya krimu, na gia zake hujibadilisha zenyewe. Mzee aliliendesha mpaka mtoto wa jicho alipomfunga macho yote mawili. Mwaka jana ufunguo akanikabidhi mimi, mkwe, akamruka mwanawe wa kumzaa, yaani shemeji yangu, daktari wa meno. Shemeji hajanisamehe. Nami sijaacha kumkumbusha.

Sasa mzee kapasuliwa jicho la kwanza. Bandeji inatoka Jumamosi. Ameagiza kupitia mke wangu kwamba kitu cha kwanza anachotaka kukiona nje ya hospitali ni gari lake likija kumchukua. Mke wangu aliniambia huku machozi yakimlengalenga. Nikamtuliza. Gari nalihudumia mwenyewe, nikamwambia. Juzi tu nimepima mafuta ya giaboksi, nikakuta yamepungua sana, nikaongeza mpaka yakafika juu.

Jioni shemeji kapiga simu. Kasikia! (Nani kamwambia?) Kasema hakuna neno, atamchukua baba kwa gari lake jipya, na hilo kuukuu litavutwa kwa kamba hadi uani kwake, likapumzike. Likapumzike! Nina siku sita.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimempigia Fundi Kimya. Ameitwa hivyo kwa sababu maneno yake kwa siku hayazidi kumi. Nikamweleza dalili kwa Kiswahili sanifu, dakika ishirini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, siwezi kusema gari "limeleta shida" nikaishia hapo. Akajibu kwamba yuko safarini, atakuja Alhamisi. Halafu akasema, "Usiguse." Akakata simu.

Neno hilo nimelitafakari asubuhi nzima. Kugusa ni kufikisha mkono au kiungo kingine cha mwili kwenye kitu. Spana si kiungo cha mwili.

Nimetoa kitabu cha gari. Ukurasa wa 112 una mchoro wa giaboksi iliyokatwa katikati. Jamani! Vijia vyembamba vinapinda, vinakutana, vinaachana, kama kichuguu kilichopigwa jembe. Humo mafuta yanakimbia, yanasukuma vali, vali zinabana sahani, gia inaingia. Hakuna mtu anayeshika kitu. Swali: mafuta yanajuaje kwamba sasa ni zamu ya gia ya pili? Nimekaa na swali hilo mpaka chakula kikapoa.

Jumanne, 7 Agosti

Nimepiga mstari katikati ya karatasi. Kushoto: Kufungua. Kulia: Kutofungua. Kushoto nikaandika "kujua", nikaenda kunywa maji. Kurudi, upande wa kulia umejaa mwandiko wa mke wangu: baba, Jumamosi, pasi, bomba la bafuni, redio ya mama.

Nimemwambia redio haihesabiki, ilikuwa imekufa tayari. Kasema haikuwa imekufa, ilikuwa imezimwa.

Sawa. Mtu mzima hujipima kwanza. Mke wangu alipokwenda sokoni nikaifungua cherehani yake, nikaisafisha, nikairudisha kipande kwa kipande. Matokeo ni ya kutia moyo. Zamani ilipiga kelele nyumba nzima, sasa haisikiki kabisa. Wala haishoni. Mke wangu kaitazama, kanitazama, kaenda kuanua nguo. Afadhali angefoka.

Jumatano, 8 Agosti

Gari liko juu ya jeki na matofali. Mimi chini, juu ya gunia. Chini ya giaboksi kuna bakuli pana la chuma, limefungwa kwa bolti kumi na sita. Nimelegeza mbili. Ilikuwa raha ambayo sijaipata tangu likizo ianze.

Mara nikaona viatu. Vimepigwa rangi, vya gharama. Shemeji. Kauliza, kwa ile sauti ya kumwambia mtu apanue kinywa, kama ningekubali kung'olewa jino na mtu aliyesoma kitabu. Nikamjibu kwamba hata yeye alianzia kwenye kitabu. Kisha akachuchumaa, suruali yake nzuri ikagusa vumbi, akasema maneno ambayo yamenikaa moyoni: "Shemeji, baba hana mengi ya kutazamia. Usimharibie hili."

Nikamwambia sitaliharibu. Nilisema kwa ukali kwa sababu niliogopa.

Alipoondoka, tone likaniangukia shavuni. Zito, la kahawia, linanuka kama yai viza. Kitabu kinasema mafuta ya humu ni mekundu. Nimeandika pembeni: "Uzee?" Nimezikaza zile bolti mbili, nimeingia ndani, nimetoka, nimezilegeza tena. Nimezikaza.

Uamuzi: nafungua. Kesho alfajiri, kabla Fundi Kimya hajafika.

Alhamisi, 9 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi natoka na spana zangu. Fundi Kimya yuko uani, amekalia ndoo. Sijui alifika saa ngapi.

Hakusalimu kwa kirefu. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakinusa. Akasugua yale mafuta kati ya vidole viwili, akanitazama. Akauliza nani kaweka haya. Nikasema mimi. Akauliza dukani nilisemaje.

Nikamsimulia kwa fahari, maana hapo nilikuwa na uhakika. Mama muuzaji alipotajiwa gari akataka kunipa mafuta ya otomatiki. Nikamwelimisha mbele ya wateja. Giaboksi ni sanduku la gia, basi mafuta yake ni mafuta ya gia, neno linajieleza lenyewe. Akabisha kidogo. Nikamshinda kwa sarufi. Akanipa mafuta ya gia.

Fundi Kimya akafuta vidole kwa kitambaa. "Mafuta ya gia ni ya gari la klachi. Mazito. Hili linakunywa mekundu. Mepesi."

Maneno kumi na matatu kwa mkupuo mmoja. Sijawahi kumsikia akifika huko.

Nikajitetea kwamba kosa ni la neno. Lugha nzima, na neno moja tu: mafuta ya kukaangia, ya taa, ya kujipaka, ya injini, ya gia! Mtu atajuaje? Mke wangu alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: niliona aibu. Giaboksi haikuwa na ugonjwa wowote ila kiu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeinywesha uji.

Kutwa nzima Fundi alimwaga, akajaza mekundu, akawasha, akazima, akamwaga tena, akajaza tena. Saa kumi jioni akasogeza mkono wa gia. Gari likashtuka kidogo, likaenda. Hatua tatu, nne, mpaka kwenye lango.

Nikamwomba basi, kwa kuwa bado tupo, afungue bakuli kidogo tu nichungulie. Akapakia vyombo vyake akaenda zake.

Jumamosi, 11 Agosti

Shemeji alitutangulia hospitalini na gari lake jipya, eti endapo letu litagoma. Walikuwa wameketi kwenye benchi nje, yeye na mzee. Nikakata kona polepole, mke wangu pembeni yangu kashika ukingo wa kiti.

Mzee akakinga jicho kwa kiganja. Akasimama bila kushikwa. Niliposimama mbele yake, akalizunguka gari lote akilipapasa, akarudi kwenye taa za mbele.

"Nilidhani nitaliona jipya," akasema. "Kumbe limezeeka. Lakini linaitika."

Shemeji akageuka upande wa pili kupenga kamasi. Kisha akaniuliza, kwa adabu ambayo sikuizoea, kama kuna nafasi nyuma. Gari lake jipya akaliacha pale pale.

Njiani mzee alikaa mbele, jicho kodo barabarani. Gari likabadilisha gia, laini kabisa. Akainua kidole, akasema hiyo ni ya pili. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, mafuta yanajuaje. Akasema miaka arobaini na sita amekuwa akijiuliza swali hilo hilo, na hakuwahi kupata mtu wa kumuuliza.

Jumapili, 12 Agosti

Baba mkwe kalala kwetu. Daktari kamkataza kuinama na kubeba vitu vizito, kwa hiyo kazi hiyo ni yangu. Yeye kawekewa kiti chini ya kivuli cha ukuta, kitabu mapajani.

Tumejadiliana tangu asubuhi kwa makini, bila papara. Giaboksi ni nzima, haina kasoro hata moja. Ndiyo maana huu ndio wakati wake. Ukiifungua ikiwa mbovu utaona ubovu tu, utajuaje ilivyokuwa ikifanya kazi? Mzee kasema hoja hiyo haina jibu. Mke wangu na shemeji wanatuita tukale, hawajui tuko nyuma ya nyumba na gari.

Bolti zote kumi na sita zimetoka, ziko kwenye bakuli la sukari. Mafuta mekundu yamejaa beseni la kufulia. Mzuri ajabu, wekundu ule! Mzee ananisomea ukurasa wa 112 kwa jicho lake jipya, neno kwa neno. Unaanza na onyo refu, kwa herufi kubwa.

Nimemwambia aruke, twende kwenye picha.