Matone Yaliyonichongea kwa Wakwe

Kwa Daktari Dorine,
Mkuu wa Idara ya Kemia.

KUH: MASHTAKA DHIDI YA MATONE

Daktari, nakuandikia kwa heshima, nikiwa nimekaa karibu na dirisha kama ulivyoniagiza.

Unakumbuka kazi uliyonikabidhi: nichukue maji yenye kimeng'enya, niyatikise ndani ya mafuta pamoja na unga laini, ili unga ushike ukingoni mwa kila tone na kuyazuia matone yasiungane. Kila tone liwe kiwanda kidogo. Asidi na alkoholi zilizo kwenye mafuta zifike mlangoni, kimeng'enya kizichochee zishikane, na kitoke kitu chenye harufu tamu ya kutiwa kwenye sabuni. Nilijitangaza Sotik nzima kwamba nina viwanda milioni kadhaa. Mke wangu Rodah aliuliza viko wapi, nikamwonyesha chupa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Matone hayana nidhamu. Mwanzoni nilitia unga kidogo; kabla sijamaliza chai, yote yalikuwa yameungana, maji chini, mafuta juu, kama watu waliokosana. Nikazidisha unga. Sasa mchanganyiko umekuwa mzito, hata nikipindua chupa hautoki. Nimeugonga kwa kijiko, nimeubembeleza kwa Kigusii.

2. Asidi yenyewe inanuka siagi iliyooza, na matone yakikataa kazi, harufu yote inabaki kwangu. Kanisani nina benchi yangu peke yangu. Mhubiri amenisifu kwa kupenda kutafakari.

3. Jumapili iliyopita tulienda Ndanai kwa wakwe. Sijaketi vizuri, baba mkwe, Mzee Johana, akanusa, akasema, "Kuna panya amekufa hapa." Heshima haikuniruhusu kumpinga. Nikavua koti, nikamsaidia kumtafuta huyo panya. Tulisogeza kabati, tukatoa viti nje, tukainua zulia. Kila nilipoinama karibu naye, Mzee alisema, "Tumekaribia, Jairus." Mama mkwe alimtazama Rodah, Rodah akatazama dari. Mwishowe tulikula uani, mimi nikiwekwa upande unakoelekea upepo.

4. Njiani kurudi nilitambua jambo la aibu. Tone moja, dogo kuliko vumbi la majani ya chai, likitengenezwa sawasawa linajua kukaa na jirani bila kumuudhi, kupokea mgeni, na kumwachilia akiwa mzuri kuliko alivyokuja. Mimi nina shahada mbili na sijaweza hata moja kati ya hayo. Sioni haki mimi kuendelea kuwa msimamizi wake.

Kwa hiyo naomba matone yaitwe mbele ya idara yajitetee. Yakinyamaza, kama ninavyotarajia, yapewe kiti changu, nami niondolewe kwenye mradi huu mara moja, nipelekwe kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika darasa lenye madirisha makubwa.

Nisalimie wote idarani, hasa karani anayepokea ripoti zangu kwa koleo.

Wako mtiifu, nikiwa mbali kiasi,
Jairus Sagini,
Mtafiti Msaidizi.

T.B. Asubuhi hii nimepunguza unga nikatikisa upya. Matone yamesimama, na mafuta yameanza kunukia vizuri, kwa mbali. Pia nimesikia kwamba Makori wa maabara ya pili ameomba kuchukua nafasi yangu. Tafadhali asipewe. Matone yamenizoea.