Kereng'ende wa Kijito cha Ronge

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mable wa duka la dawa ametuma picha nyingine kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Kereng'ende mwenye mbawa za rangi ya moshi. Jeconia, mtaalamu wa wadudu anayeandaa kitabu cha kereng'ende wa Taita Taveta, amemsifu sana. Picha yangu ya kereng'ende mwekundu ameijibu: Mzee Kituku, huyo mwekundu tunaye, hata kwenye mitaro ya Voi yupo. Aibu! Atakayegundua aina mpya ndiye ataipa jina. Lazima iitwe Kituku.

Nimeokota wawili waliokufa dirishani, mwekundu na wa buluu. Kichwa na kifua vya mwekundu, mkia wa yule wa buluu. Gundi ya viatu. Tone limebaki shingoni na kichwa kimeinamia kushoto. Si kitu. Nimemketisha kwenye tete kando ya kijito cha Ronge, nikampiga picha na kuituma kikundini. Mrembo!

Jumanne, 4 Novemba

Jeconia hajawahi kumwona wa namna hiyo! Nimeimba jikoni. Kisha akaongeza kwamba lazima mtu mwingine naye amwone. Atamwona wapi, nami nimemfungia ndani ya kopo?

Jumatano, 5 Novemba

Mable amemwona. Anaruka! Picha ni safi, ya ubavuni: kichwa chekundu kilichoinamia kushoto, mkia wa buluu, na shingoni tone linalong'aa. Jeconia anasema tone hilo ndilo litakalomtambulisha. Nimefungua kopo. Wangu yumo, mkavu.

Mable amenipongeza, kisha akasema kwamba jina ni la mwenye kereng'ende aliye hai. Wako, mzee, anaonekana marehemu. Nimemjibu kwamba alikuwa amepumzika.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda Ronge kujionea. Vyura kimya. Maji yanapita bila sauti. Kila tete lina kereng'ende wangu! Nikisogea, vichwa vyote vinanifuata. Nimewasalimu, mtu mzima hakosi adabu. Mmoja ametua kwenye mkono wa shati langu. Hakuuma. Aliganda hapo kama aliyepakwa gundi. Nimerudi nyumbani bila mkono mmoja wa shati.

Jumamosi, 8 Novemba

Jeconia ameamua: jina ni la Mable. Nimenyang'anywa kiumbe niliyemuumba mwenyewe!

Lakini sikati tamaa. Huyu wa leo hatafananishwa na yeyote. Mbawa za popo, meno ya panya. Mke wangu Philister amesimama mlangoni, akakataa kuingia. Ameniuliza: Baba Lewis, na huyo akija, atakula nini?

Swali la mtu asiyejua sayansi. Nimemwomba anishikie taa.