Kaboni Naijua Miaka Tisa

Jumatatu, 5 Februari 1990
Mzee Jada, baba yetu mdogo, katangaza leo mbele ya ukoo wote hapa Abuku. Shamba la marehemu baba, lile la bondeni, atapewa mmoja tu: mimi, au shemeji Madina, mjane wa kaka yangu. Jumatatu ijayo bwana shamba anakuja kutoka Arua kupima udongo wa mashamba tunayolima sasa. Aliyetunza udongo achukue. Mimi, Soka, mtoto wa kiume niliyebaki! Nishindanishwe na mwanamke anayelaza mbuzi shambani!

Santina, mke wangu, kanikumbusha kwamba mwaka jana tulivuna debe moja la mtama. Tukikosa bondeni watoto watakula nini. Nimemwambia atulie. Akili ninazo.

Jumanne, 6 Februari
Nimeenda Koboko kumpeleleza Igga, ambaye zamani alifanya kazi na huyo bwana shamba. Kasema kinachotafutwa ni kaboni. Udongo wenye kaboni unashika maji hata jua likiwa kali, usiokuwa nayo unageuka vumbi. Na moto unaimaliza. Hapo nikakohoa kidogo. Kila kiangazi nachoma shamba langu nipate panya. Panya mnono wa porini! Nani angeacha?

Lakini kaboni! Miaka tisa nilikuwa karani wa kambi ya wakimbizi kule Kongo. Barua moja, nakala tatu, kaboni mbele, kaboni nyuma. Madina hajaigusa hata siku moja. Amekwisha huyo!

Jumatano, 7 Februari
Camille, yule Mkongo anayeuza kalamu na madaftari sokoni, karatasi mpya za kaboni hana. Anazo zilizotumika, gunia zima, kutoka ofisi mbalimbali. Sawa tu, kaboni ni kaboni. Nimemwachia jogoo wa Santina. Kauliza mutu ya shamba anafanya nini na hii makaratasi. Nimemjibu ni siri ya serikali.

Jumamosi, 10 Februari
Siku tatu nafukia karatasi. Mgongo umekatika. Leo Madina kanikuta. Kasema, kwa upole wake ule unaoniudhi, kwamba kaboni iko kwa mavi ya mbuzi, na kwa mabua ukiyaacha yaoze badala ya kuyachoma. Akataka kunikopesha mbuzi kumi wawe wanalala kwangu. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mavi! Kwa mtu aliyewahi kushika mashine ya kupiga chapa! Nimemshukuru, nikamwonyesha njia ya kwake.

Jumatatu, 12 Februari
Siku mbaya. Mbaya!

Bwana shamba anaitwa Adrabo, mtu mfupi asiyecheka. Kwa Madina alichimba shimo, akatoa udongo mweusi wenye minyoo, akaufinyanga, akaunusa, akafurahi. Kisha akaja kwangu na ukoo wote nyuma yake. Akachimba. Akamwagia maji kidogo, akafinya. Mkono ukawa wa buluu! Nikapiga makofi. Nikatangaza kwa sauti kwamba kaboni hiyo, imejaa.

Akavuta karatasi. Akaiinua juani, na herufi zikaonekana zote. Akasoma polepole mbele ya watu: mwalimu fulani anaomba ruhusa ya siku nne kwa sababu anaharisha. Mzee Jada hakusikia vizuri. Akauliza kwa ukali nani ameharisha kwenye shamba la ukoo. Emilia, shangazi yangu, alicheka hadi akashikiliwa.

Adrabo kasema moto wangu umekula kila kitu, kilichobaki ni majivu na barua. Shamba la bondeni amepewa Madina. Santina katangulia nyumbani. Amelia jikoni, nimemsikia. Imeniuma sana, naandika ukweli.

Jumanne, 13 Februari
Madina kaja asubuhi. Anatuachia kipande cha bondeni tulime, kwa ajili ya watoto. Masharti mawili: nisichome, na niufunike udongo jua lisiukaushe. Santina akamshika mikono yote miwili. Mimi nikasema nitafikiria. Santina akanitazama. Nikasema nimeshafikiria.

Ijumaa, 16 Februari
Madina anafunika kwa nyasi na mabua. Nyasi nitoe wapi? Upande wetu nilishachoma zote. Ndipo nikainua macho nikaona paa. Mabati manane, niliyabeba mwenyewe kutoka Ariwara tuliporudi kutoka Kongo! Jua gani litapita bati? Nimeyang'oa yote, nimeyalaza bondeni, mawe juu. Santina kauliza mvua ikija itakuwaje. Mvua, Februari! Wanawake wana haraka.

Alhamisi, 22 Machi
Mvua ya kwanza! Imepiga tangu jana mchana bila kupumzika. Godoro limelowa, unga umelowa, daftari hili naliandikia chini ya meza. Santina amehamia kwa Madina na watoto wote, na sufuria pia. Hakuniaga.

Asubuhi nimekimbia bondeni. Nimeinua bati la kwanza, nikatia mkono. Mkavu! Mkavu kabisa, unapukutika vidoleni! Bati la pili hivyo hivyo. Hakuna tone lililopenya. Kwa Madina pembeni ni hasara tupu, maji yamezama yote ardhini. Nimemwonea huruma, nikampelekea salamu kwamba mwakani nitamwazima mabati.