Petroli Safi ya Vern Skaar

Vern Skaar aliiona riziki yake mwanzoni mwa Oktoba, gatini pa Ziwa la Kobe, huko Minnesota, alipokuta watu wazima wakibishana kwa adabu kubwa juu ya mafuta. Baridi ilikuwa inabisha hodi. Kila mwenye boti alipaswa kujaza tangi kabla ya kuilaza miezi sita, na swali lilikuwa moja: ajaze petroli ya daraja la juu, au ile isiyotiwa spiriti, kile kilevi cha mahindi kinachochanganywa kwenye petroli ya huko?

Vern akapanda nyuma ya pikapu yake, kati ya mapipa, akahubiri. Na hapa, wasomaji, tuvue kofia, maana kila alichosema kilikuwa kweli. Daraja la juu, alisema, limetengenezewa injini zenye nguvu nyingi, halimsaidii aliyelala. Tena mara nyingi lina spiriti ileile ya petroli ya kawaida. Spiriti hunywa unyevu mpaka ikalewa, ikaiacha petroli na kuzama chini na maji yake, na injini ikaamka masika na kikohozi. Dawa ni petroli tupu. Uongo ulikuwa mmoja tu, nao ulikaa ndani ya mapipa: petroli ya kawaida, ya bei ya chini kuliko zote, kutoka wilaya ya jirani.

Alitoa hata ushahidi. Alitia maji kwenye chupa, akachora mstari, akaongeza petroli, akatikisa. Kungekuwa na spiriti, ingeyakimbilia maji, nayo yangepanda juu ya mstari. Hayakupanda. Petroli hiyo ilitoka kwenye kopo dogo chini ya kiti chake, na hakuna aliyemwomba apime ya pipani. Watu wa kule ni afadhali wazame kuliko kumwambia mgeni usoni kwamba hawamwamini.

Bibi Arlys Tvedt, mjane na mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri, alinunua madumu mawili, akashukuru, akampa Vern kipande cha keki ya tufaha. Vern aliitafuna keki huku akiikodolea macho boti ya bibi, ya mbao nyekundu, iliyochongwa na marehemu mumewe. Kisha akatoweka, akiwa ameapa kutotia tena mguu pale.

Mwezi wa Mei barua ikamfuata. Magoti yananiuma, aliandika Bibi Arlys, boti imenishinda. Pesa sizihitaji, nataka gari la kubebea mbolea ya bustani. Ile pikapu yako itanitosha.

Vern aliisoma mara tatu, kwa huruma. Kisha akampigia simu tajiri mmoja wa ng'ambo ya ziwa, mnunuzi wa boti, amngoje na tela. Vern akafika gatini Ijumaa asubuhi, mkesha wa kufunguliwa uvuvi, kabla mji haujawasha injini hata moja. Kesho yake, injini za wateja zikianza kukohoa, ingekuwa hatari. Alitia sahihi kadi ya pikapu, naye bibi akatia ya boti. Injini ya boti iliwaka mara moja, ikanguruma kama paka aliyeshiba. Mafuta hakuyauliza. Mwizi wa kuku haulizi kuku amekula nini.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Vern ilikuwa nusu ya ziwa. Hapo injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikakata roho. Kasia hakuna. Upepo ukaishika boti na kuanza kuirudisha taratibu kule ilikotoka.

Ilichukua saa nzima na nusu. Gatini watu walikuja mmoja mmoja na viti vya kukunja, wakakaa wakitazama. Wote walikuwa wateja wake. Sherifu naye alikuja. Alikuwa amenunua madumu matatu.

Boti ilipobakiza hatua kumi, Vern alisema, "Mama, mafuta ya humu ni mabovu."

"Ni yako, mwanangu," alijibu Bibi Arlys. "Niliyapima kwa chupa ya jamu siku ileile uliyoniuzia. Nikawaambia majirani wamwage ya kwao. Yangu nikayatunza kwenye madumu ya vifuniko vilivyolegea, yanywe unyevu, na leo asubuhi nimeyatia tangini. Kwenye mrija wa injini nilibakiza mazuri kidogo, ya kukufikisha katikati."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa utovu wa adabu.

"Sasa kama ni safi ulivyotuapia," aliendelea, "washa, uende zako, Mungu akutangulie. Kama ni mabovu, sema kwa sauti kubwa kidogo. Hawa wa nyuma hawajasikia."

Vern alitazama ziwa. Alitazama pikapu, ambayo tayari ilikuwa na bango la mnada, fedha zigawiwe waliotapeliwa. Boti ikagusa gati, tuk.

"Ni mabovu," alisema.

Sherifu akamsaidia kushuka, akamwonyesha pa kutia sahihi ili boti irudi kwa mwenyewe, akamsogezea kiti. Bibi Arlys akammiminia kahawa na kumkatia keki. Kule mtu hakamatwi kabla hajamaliza kikombe, na Vern, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikunywa polepole.