Kadi Itakayotufikisha Perth

Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni mke wangu. Mheshimiwa Katibu wa Kamati Ndogo ya Vyungu vya Maua. Waheshimiwa Wawakilishi wa Korido, kuanzia ghorofa ya pili hadi ya kumi na nne. Mheshimiwa Kaimu Msimamizi wa Lifti B, ambaye najua bado amekwama ndani ya lifti hiyo lakini anatusikia (kicheko). Ndugu wakazi wote wa Jengo la 418, mliokaa na mliokosa viti, itifaki imezingatiwa.

Mtakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita, papa hapa chini ya jengo, kwenye meza hizi za mawe, tuliamua kwa kauli moja, yaani yangu, kwamba ni aibu kwa Wasingapuri wenye akili zao kila mtu kuhangaika na kadi yake ya mkopo, huyu anapewa pointi akinunua mboga, yule anapewa maili za ndege akijaza mafuta, mwingine anazawadiwa begi la magurudumu, na mwisho wa yote hakuna anayeruka kwenda popote. Ndipo ukazaliwa Mradi wa Kadi Moja: jengo zima tutumie kadi moja iliyo bora kuliko zote, maili zote ziingie kapu moja, na kila mwaka mkazi mmoja aruke bure. (Makofi.)

Wa kwanza kwenye orodha ni Mama Seah Gek Choo wa ghorofa ya tisa, yule pale mwenye mwavuli, ambaye binti yake kajifungua mtoto wa kiume huko Perth, na keshokutwa Jumapili mtoto anatimiza mwezi na anafanyiwa sherehe. Mama Seah ni mfano wa kuigwa. Mkwewe alitaka kumkatia tiketi ya bei chee, mama akaikataa, kwa sababu mimi mwenyewe nilimshika mkono nikamwambia, tulia mama, kadi iko njiani. Sasa ni likizo za shule na ndege zote zimejaa, lakini imani yake haijapungua. (Makofi. Mama Seah hapigi.)

Kuchagua kadi ya safari si kuchagua tunda la durian, kwamba unainusa, unalipa, unaondoka nayo. Ilibidi kwanza ufanyike upembuzi yakinifu, kisha upembuzi wa ule upembuzi, kisha semina elekezi ya siku tano kule kisiwani Batam ya kuandaa hadidu za rejea, hotelini, chumba kinachotazama bwawa. Tukalinganisha kadi sitini na moja kwa vigezo mia moja na vinne, vikiwemo ada ya mwaka, bima ya mizigo, mng'ao wa kadi juani, na unene wake ikikaa kwenye pochi ya mwanamume wa makamo. Mimi mwenyewe, bila kujali afya yangu, nimeingia mara kumi na nane katika zile sebule za wateja maalumu pale uwanja wa ndege, nikala laksa, tambi za mchuzi wa nazi, bakuli tatu tatu, nikaoga, nikakandwa mabega, ili nijue kwa niaba yenu kama wakazi wangu watatendewa haki. Mabega yangu yaliridhika kwa asilimia tisini na saba. (Kicheko. Bwana Murugaiyah, dereva wa teksi, anauliza kutoka nyuma: “Sasa hiyo kadi mshaichagua au bado mnakandwa?”)

Swali zuri sana, Bwana Murugaiyah, na ningekushauri uketi. Tupo katika awamu ya mwisho ya maandalizi ya mwanzo.

Nawajua wanaopita kwenye korido wakisema mwenyekiti hajafanya kitu. Haya. Kila tukienda kula kaa wa pilipili, nani huidaka bili kabla haijagusa meza? Nani hutoa kadi yake akalipia meza zote nane, nanyi mkamrudishia, kila mtu deni lake, kwa simu kabla hamjanawa mikono? Hema la harusi ya binti wa Mama Rohaya, mashada ya msiba wa Mzee Chia, mabasi mawili ya kwenda Melaka, nani alilipa kwa kadi? (“Wewe.”) Sijasikia. (“Wewe, mwenyekiti.”) Basi. Wenzangu hapa mjini hugombania bili ili wavune maili. Mimi niligombania ili ninyi mpumzike.

(Mama Seah anasimama. “Mwenyekiti Phua, mwanangu, mimi nimeshawaambia kule kwamba nakuja. Jumapili nafika au sifiki? Sema tu nijue.”)

Mama, nakuelewa, tena inaniuma. Hata mimi nina mama, anakaa Hougang. Nakuhakikishia mbele ya umati huu kwamba Jumapili Jengo la 418 litakuwepo Perth, na litakwenda kwa viti vinavyolala kama vitanda. (Makofi ya nguvu. Mama Seah anaketi, anajifuta macho.)

Nikisema Kadi Moja, semeni Jengo Moja. Kadi Moja. (“Jengo Moja.”) Maili zetu. (“Safari zetu.”) Mwenyekiti wetu. (Mkewe, peke yake: “Daima.”)

Namalizia kwa shukrani. Naishukuru Kamati ya Uteuzi wa Kadi, ambayo nitaiunda mara tu wajumbe watakapopatikana. Namshukuru yule karani wa benki aliyenieleza, wiki ya kwanza kabisa, kwamba kadi ya mkopo ya jengo zima haipo na haijawahi kuwepo, nami nikaona si busara kuwakatisha tamaa. Zaidi ya wote nawashukuru ninyi, kwa kaa wenu, mashada yenu na mabasi yenu, kwani maili zake zote zimeingia salama kwenye kadi yangu binafsi, na zimetosha viti viwili, changu na cha Makamu Mwenyekiti, kesho saa tatu asubuhi, kwenda Perth kumwakilisha Mama Seah kwenye sherehe ya mjukuu wake. Mama, kama kuna mayai mekundu ya mila yetu ya kutimiza mwezi ya kumpelekea mtoto, niletee leo kabla sijafunga mizigo, na uniandikie jina lake vizuri, nisije nikalikosea kwenye hotuba. Asanteni kwa kunisikiliza.